Mwaka huu wadogo ni wengi, au wachache?

Mjomba alimwaga ndoo juu ya turubai, akachuchumaa, akaanza kutenga. Kamba wakubwa kushoto, wa kula nyumbani kulia. Katikati ikabaki ile takataka inayokuja na kila wavu wa kamba: chaa wenye urefu wa kucha ya kidole gumba, mikizi wembamba, vidagaa, kaa mdogo aliyekatika gando, na kamba wachanga ambao ukiwalaza kiganjani unaiona mistari ya mkono wako ikipita chini yao.

"Mwaka huu wadogo ni wengi," mjomba akasema.

Mwenzake, ambaye wamevua naye tangu ujana wao, hakuinua hata uso. "Wengi wapi? Zamani turubai hili lingejaa."

Wakabishana kidogo, kisha wakahamia kwenye bei ya barafu, na hilo likaisha kwao. Kwangu halikuisha. Nimekaa nalo wiki kadhaa sasa, nikiwa kazini, nikiwa kwenye daladala, nikijaribu kulala. Watu wawili wanaoijua delta ya Rufiji kama wanavyozijua nyumba zao, wametoka mtumbwi mmoja, wameutazama wavu mmoja asubuhi moja. Mmoja kaona neema, mwingine kaona upungufu.

Pale dikoni hapakuwa na kitabu ambacho ungekifungua ukamwambia mmoja wao: wewe ndiye uliyekaribia.

## Kilo zinachelewa

Nisieleweke kwamba hakuna kinachoandikwa. Mwandishi wa BMU, kile kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi ufukweni, anakaa na mzani wake, anaandika chombo, aina ya samaki, kilo na bei. Ni kazi ya maana. Lakini kilo ni habari za samaki aliyekwisha kukua, akavuliwa, akafa. Tena zimechanganyika na jasho la mvuvi: mwenye boti ya mashine akienda mbali kuliko mwaka jana, akalala huko usiku wa pili, kilo zinaweza kubaki palepale huku maji yakizidi kuwa matupu. Daftari litasema mambo shwari.

Samaki mchanga hana jasho la mtu ndani yake. Hajafika sokoni, hajapandishiwa bei, hajafuatwa na boti. Chaa aliyejificha leo kwenye mizizi ya mikoko kule Simba Uranga, mmoja wa mikono ya delta yetu, ndiye samaki wa kapuni wa miaka ijayo. Anayemhesabu huyo anapata habari mapema, wakati bado kuna la kufanya.

Basi nikaanza kutafuta: ni nani duniani amewahi kuwahesabu wachanga wa mlango wa mto kwa muda mrefu, mahali palepale, bila kuchoka?

## Juya la Maryland

Majibu yako zaidi ya moja. Lililonishika ni la Ghuba ya Chesapeake, Marekani, upande wa jimbo la Maryland. Tangu 1954 wanahesabu watoto wa samaki mmoja wa rangi ya fedha mwenye milia myeusi saba au minane ubavuni. Wanasayansi humwita *Morone saxatilis*. Mimi nitamwita samaki wa milia. Hupanda mitoni baridi inapoisha, hutaga kwenye maji yasiyo na chumvi, na watoto wake hukaa kiangazi chao cha kwanza kwenye mito inayojaa na kupwa pamoja na bahari. Wakikua, wengi hutoka kwenda Atlantiki na kusambaa kaskazini, na majike hurudi kutaga miaka kadhaa baadaye. Sehemu kubwa ya samaki hao katika pwani yote ya mashariki ya Marekani imezaliwa Chesapeake. Kinachotokea kwenye mito michache ya Maryland huja kuonekana miaka mingi baadaye kwenye ndoana za watu wa Massachusetts.

Na wanahesabuje? Wana vituo 22, kwenye mito Choptank, Nanticoke na Potomac na sehemu ya juu ya ghuba. Kila kituo hufikiwa mara moja Julai, mara moja Agosti, mara moja Septemba. Chombo ni juya la mita 30 hivi, macho yake milimita 6. Mmoja anashika ncha ufukweni, mwenzake anaingia nayo majini mpaka wavu unyooke, halafu anazunguka nao kufuata mkondo hadi nchi kavu. Samaki wanatambuliwa na kuhesabiwa, si wa milia peke yao, bali kila aina iliyoingia. Wanasubiri angalau nusu saa, wanakokota tena. Mwisho wa msimu ni mikokoto 132. Unajumlisha watoto wa samaki wa milia, unagawa kwa mikokoto. Namba ya mwaka ndiyo hiyo.

Nilipofika hapo nilisimama kidogo. Juya, chombo kilekile ambacho sheria zetu zimekipiga marufuku kwa sababu kinakomba wachanga! Kule kinatumika kwa sababu hiyohiyo, kwa kuwa kinawapata wachanga, ila kinakokotwa kwa kiasi kilichopangwa, na kwa ajili ya kuhesabu tu.

Hakuna ujanja mkubwa ndani yake. Kijana yeyote wa Nyamisati, kijiji cha wavuvi kwetu deltani, angejifunza kazi hiyo asubuhi moja. Ugumu wake uko kwingine: kuirudia mwaka ujao vilevile, na mwaka unaofuata vilevile, kwa urefu uleule wa wavu, hata wavu bora ukishatokea madukani. Ukibadilisha wavu na namba ikapanda, umepoteza njia ya kujua kama samaki wameongezeka au wavu ndio umenoga.

## 34.6, halafu 0.9

Namba za Maryland nilizisoma kama mtu anavyosoma barua, mwaka baada ya mwaka. Wastani wa miaka yote unacheza karibu na 11. Mwaka 2011 namba ilikuwa 34.6, mwaka wa neema. Uliofuata, 2012, ikawa 0.9, ndogo kuliko zote zilizowahi kuandikwa tangu kazi ianze.

Mito ileile. Wavu uleule.

Wanaowafuatilia samaki hawa wanaeleza kwamba majira ya baridi kali yakifuatwa na mvua nzuri huwanufaisha watoto: maji yanakuwa mengi, na planktoni, vile viumbe vidogo vinavyoelea ambavyo ndicho chakula chao cha kwanza, vinakuwapo kwa wakati wake. Baridi ikiwa hafifu na mvua haba, chakula na watoto vinapishana. Mwaka 2012 Marekani ilipata joto la mapema lisilo la kawaida. Wazazi walikuwapo mitoni. Kilichokosekana ni mwaka mzuri.

Sasa fikiria mtaalamu aliyekuja na mradi wa miaka miwili, 2011 na 2012. Amefanya kazi yake kwa uaminifu, kapima kila kitu, kaandika ripoti. Ripoti yake ingesema watoto wa samaki wamepungua kwa asilimia 97. Angekuja mwingine mwenye mradi wa 2010 na 2011, angeandika kwamba neema imerudi. Wote wawili wangekuwa na namba za kweli, na wote wawili wangetupoteza.

Nimeziona ripoti nyingi za pwani yetu, na nyingi zinaishi muda wa ufadhili wake: miaka miwili, mitatu, minne kwa aliyebahatika. Hadi nilipozitazama hizo namba mbili kando kwa kando, nilikuwa nadhani mradi mfupi ni bora kuliko kukosa kabisa. Siku hizi sina hakika. Kwa samaki ambaye mwaka mmoja unaweza kumzidishia au kumpunguzia mara 30, mradi mfupi unaweza kukupa jibu lenye sura ya uhakika na lisilo na uhakika wowote.

## Lango lililofunguliwa na 1989

Kuna kipande cha historia ya Maryland ambacho sijamaliza kukibishia.

Mwaka 1970 namba ilikuwa 30.5. Baada ya hapo ikashuka, ikapanda kidogo, ikashuka zaidi. Mwaka 1981 ilikuwa 1.2. Mwaka 1983, 1.4. Na sokoni? Kwa miaka kadhaa ya mwanzo sokoni samaki walikuwapo, kwa sababu watoto wa 1970 walikuwa wamekua na ndio waliokuwa wakivuliwa. Mvuvi aliyetazama boti yake aliona neema, na aliyetazama juya la kuhesabia aliona hakuna wanaokuja nyuma. Nikamkumbuka mjomba na mwenzake.

Januari 1985 Maryland ilifunga kabisa uvuvi wa samaki huyo. Watu waliokula na kusomesha kwa samaki huyo waliambiwa basi. Ukihesabu tangu namba zilipoanza kuteremka, zaidi ya miaka kumi ilipita kabla hatua hiyo haijachukuliwa. Hesabu ilikuwa imekwisha kusema. Kusikilizwa ndiko kulikochelewa.

Sharti la kufungua tena liliandikwa kwa namba: wastani wa miaka mitatu mfululizo ufike 8. Mwaka 1987 ilikuwa 4.8. Mwaka 1988, 2.7. Kisha 1989 ikaja 25.2, wastani ukaruka hadi karibu 11, na mwaka 1990 uvuvi ukafunguliwa, kwa kiasi.

Hapa ndipo nilipokwama.

Sehemu kubwa ya hiyo 25.2 ilitoka kwenye mikokoto michache iliyojaa kupita kawaida, huko Mto Choptank. Wastani ndivyo ulivyo. Mikokoto mia inaweza kuwa ya kawaida, mmoja au miwili ikaburuta namba nzima juu. Watu walibishana sana wakati ule. Wapo walioona kwamba hatima ya samaki wa pwani nzima imewekwa juu ya bahati ya wavu mmoja kukutana na kundi mahali pamoja, siku moja. Wapo waliosema sharti ni sharti: mliliweka wenyewe, limetimia, timizeni ahadi kwa wavuvi waliovumilia miaka mitano.

Nimekaa upande wa kwanza, nikahamia wa pili, nikarudi. Nikiwa msomaji aliye mbali naona ilikuwa haraka. Nikijiweka mahali pa mvuvi aliyefungiwa, naona kwamba kama wangeliongeza sharti lingine baada ya la kwanza kutimia, hakuna mvuvi ambaye angekubali tena kusikia habari ya namba. Na hilo lingekuwa hasara kubwa kuliko kufungua mapema mwaka mmoja. Kwa hiyo nimeishia kwa wa pili, bila raha sana.

Miaka iliyofuata iliwatoa hofu: 39.8 mwaka 1993, samaki kutangazwa amerudi katika hali yake mwaka 1995, na 59.4 mwaka 1996, namba kubwa kuliko zote. Wahesabuji nao walijifunza. Siku hizi hutoa pia wastani wa aina nyingine ambao mkokoto mmoja mkubwa hauuyumbishi, na wanaweza kuupiga kwa miaka ya nyuma kwa sababu idadi ya kila mkokoto iliandikwa peke yake, haikujumlishwa ikatupwa. Hilo la mwisho ningetaka kila anayeandika takwimu pwani kwetu alisome mara mbili.

Na asije mtu akadhani kuhesabu kumemaliza tatizo. Tangu 2019 kila mwaka namba ya Maryland imekuwa chini ya wastani. Mwaka 2023 ilikuwa 1.0. Mwaka 2025, 4.0. Wanajua wamo kwenye kipindi kibaya, wanajua kimeanza lini, na wamepunguza uvuvi kwa sababu hiyo. Samaki bado hawajarudi.

## Pengo la Virginia

Chini ya Maryland, kwenye ghuba hiyohiyo, liko jimbo la Virginia. Nao walianza kuwahesabu watoto wa samaki wa milia kwa juya mwaka 1967. Wakaendelea hadi 1973. Halafu kazi ikasimama, ikaanza tena 1980.

Tazama miaka iliyokosekana: 1974 hadi 1979. Ndiyo miaka ambayo samaki alikuwa anaporomoka.

Pengo hilo halizibiki. Unaweza kupata fedha zote za dunia leo, ukaajiri mabingwa, ukanunua boti mpya. Hakuna atakayekokota juya kwenye Mto James mwaka 1976. Kule California pia, hesabu ya vuli ambayo nitaieleza hapa chini ilianza 1967 na haina 1974 wala 1979. Hata wenye fedha hukatikiwa. Nilipoyaona mapengo haya niliacha kuamini kwamba kinachotukwamisha sisi ni umaskini peke yake. Kazi ya namna hii ni rahisi sana kuikata, kwa sababu mwaka unaoikata huoni hasara yoyote. Samaki hawalalamiki, ripoti haichelewi, hakuna anayepiga simu.

## Hesabu iliyofika sifuri

California ndiko nilikopata shaka kubwa zaidi.

Kwenye mlango wa mito ya Sacramento na San Joaquin, inapoingia Ghuba ya San Francisco, hesabu ya wachanga ya kiangazi ilianza 1959. Waliyemlenga ni samaki wa milia yuleyule, ambaye si mwenyeji huko: alisafirishwa kwa treni kutoka New Jersey mwaka 1879 na kumwagwa majini ili watu wapate cha kuvua. Mwaka 1967 ikaongezwa hesabu ya vuli, kuanzia Septemba hadi Desemba, kwenye vituo 100 vilevile kila mwaka, kwa wavu unaokokotwa na boti.

Wavu haujui kuchagua. Pamoja na samaki waliyemtafuta, ulikuwa ukileta kisamaki kimoja kiitwacho delta smelt, cha sentimita 6 au 7, kinachonuka kama tango lililokatwa, kinachoishi mwaka mmoja tu, na ambacho duniani kote hakipatikani popote isipokuwa mlango ule mmoja wa mto. Hakikuwa na bei, wala mvuvi aliyekitaka. Lakini wahesabuji walikiandika, kwa sababu utaratibu ulisema andika kila kilichoingia. Kilipoanza kupungua, kulikuwa na miaka ya kutosha vitabuni ya kulionyesha hilo. Mwaka 1993 kikawekwa chini ya ulinzi wa sheria ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2007 jaji wa shirikisho akaamuru mitambo inayovuta maji ya delta kwenda mashambani na mijini ipunguziwe kasi kwa ajili yake. Januari 2025, Los Angeles ikiwaka moto, Rais Donald Trump alikuwa akikilaumu kisamaki hicho kwa habari ya maji.

Na hesabu ya vuli yenyewe? Kuanzia 2018 ilitoa sifuri, mwaka baada ya mwaka.

Sifuri hiyo haina maana kwamba hakuna hata mmoja. Hesabu nyingine zenye juhudi kubwa zaidi ziliendelea kupata wachache sana. Wakishakuwa haba kiasi hicho, wavu uliotengenezwa kwa ajili ya samaki mwingine hauwezi tena kuwaona. Tangu mwisho wa 2021 wanamwaga mtoni waliozalishwa kwenye matangi.

Nilijiuliza: basi ilisaidia nini? Zaidi ya miaka 50 ya kuandika, na mwisho wake sifuri. Maryland walihesabu, wakafunga, samaki akarudi, angalau kwa muda. California walihesabu, wakashtakiana, wakapunguziana maji, na kisamaki kikaenda. Kwa siku kadhaa nilitaka kuiacha makala hii. Kama hesabu ndefu kuliko nyingi duniani haikumwokoa samaki mmoja, nina haki gani ya kuwaambia watu wa Rufiji waanze kukokota juya na kuandika?

Kilichonirudisha ni kufikiria mabishano yale bila vitabu vile. Watu wa mashambani wangesema samaki wapo. Wavuvi wangesema wamekwisha. Kila mmoja angetaja mwaka anaoukumbuka. Mwenye sauti kubwa angeshinda, na kisamaki kingeondoka bila mtu kujua kilianza kuondoka lini, ni kiangazi cha ngapi, baada ya nini. Maamuzi mabaya yaliyofanywa mbele ya namba yanaweza kuulizwa. Yaliyofanywa gizani hayana hata mahali pa kuanzia kuuliza.

## Rufiji baada ya bwawa

Sasa nirudi nyumbani, maana ndiko shaka ilikoanzia.

Desemba 2022 maji yalianza kujazwa kwenye bwawa la Julius Nyerere. Mitambo tisa, megawati 2,115. Umeme huo tunauhitaji, na mimi naandika haya kwa kompyuta inayoutumia. Lakini mto uliokuwa ukiteremka na tope lake na mafuriko yake moja kwa moja hadi kwenye mikoko, msitu mkubwa kuliko wowote wa mikoko ulioshikamana katika pwani ya Afrika Mashariki, sasa una mlango juu yake. Tope linatuama nyuma ya ukuta. Maji yanatoka kwa ratiba ya mitambo. Kamba wa Rufiji huzaliwa baharini, huingia mikokoni wakiwa wadogo mno kuonekana, hukua humo miezi michache, na mvua za masika ndizo huwasukuma kutoka. Maisha yao yote yamefungwa kwenye kupanda na kushuka kwa maji ya mto.

Je, wataongezeka? Watapungua? Watahama kutoka mkono mmoja wa delta kwenda mwingine, maji ya chumvi yakipanda zaidi? Kila mtu dikoni ana jibu lake. Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba Rufiji na Kibiti, na hapo pia kila mtu akawa na jibu lake.

Kwa Maryland, mwaka mmoja mbaya au mzuri unapimwa kwa miaka 70 iliyo nyuma yake. Kwetu, mjomba anaupima kwa ujana wake, na mwenzake kwa ujana wake, na ujana haukokotwi kwa wavu wa kipimo kimoja.

## Hoja ya mjomba

Nilimpelekea mjomba wazo hili, nikiwa na furaha zangu. Vijana wa kijiji, wavu mmoja wa kipimo, vituo vilevile, daftari.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Sawa, mjomba. Mkishahesabu, mkaona wachache, mtamfungia nani?"

Sikuwa na la kumjibu papo hapo, na sidhani kama swali hilo linajibiwa kwa maneno. Ana haki. Ameona maeneo yakifungwa. Ameona nyavu zikichomwa moto hadharani, huku meli za kukokota kamba, kwa miaka mingi, zikikata mawimbi na leseni mkononi. Kwake yeye daftari ni kitu kinachoandikwa na wengine juu yake. Wavuvi wa Maryland wa 1985 wangemwelewa bila mkalimani.

Nimelifikiria sana na nimefika mahali hapa: hesabu isianze kwa kutafuta wa kumlaumu, na sheria ya namba iandikwe kabla namba haijapatikana. Lile sharti la 8 la Maryland lilikuwa na kasoro zake, lakini mvuvi alilijua mapema. Alijua mlango umefungwa kwa kipimo gani na utafunguliwa kwa kipimo gani. Mjomba hajawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote. Amekuwa akiambiwa kufunga tu.

Na kipimo kiende pande zote. Wachanga wakipungua mwaka ambao mikokoni hakukuongezeka wavu hata mmoja, basi swali lipande mto, likawafikie wanaopanga maji yatoke kiasi gani na mwezi gani. Hilo mjomba alilipenda. "Hapo," alisema, "hapo nitawashikia wavu."

## Kwa anayetaka kuanza

Samaki mmoja hatoshi kwetu. Maji yetu yana aina nyingi mno. Ningechukua watatu wanaotambulika na kila mtoto: kamba mweupe, chaa na mkizi. Lakini daftari liandike kila kitakachoingia, hata kile kisicho na bei.

Vituo visiwe vingi. Viwe vichache ambavyo mtu anaweza kuvifikia hata mwaka ambao mafuta yamepanda na mfadhili hayupo. Kimoja karibu na bahari, kimoja katikati ya mikoko, kimoja juu ambako maji hayana chumvi. Wachaguzi wawe wavuvi, kwa sababu wao wanajua ufukwe gani hautakuwa tope tupu baada ya masika mawili.

Maji ndiyo yatakayotushinda tusipoangalia. Ukikokota siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mwaka huu, na siku ya maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, mwaka ujao, umepima mwezi angani, hukupima samaki. Kwa hiyo siku ifuatane na mwezi na saa ifuatane na kupwa, si kalenda ya ofisi. Iandikwe na hali ya upepo, kusi au kaskazi, na ladha ya maji kama kipima chumvi hakipo. Kibali kiombwe mapema, maana chombo chenyewe ni haramu bila kibali, na kijana akikamatwa nacho mara moja kazi imekufa.

Kila mkokoto uandikwe mstari wake. Mkokoto mtupu nao uandikwe. Sifuri ni namba. Karatasi kwanza, simu baadaye. Nakala ya BMU, nakala ya shule ya msingi ya kijiji, nakala ya ofisi ya uvuvi ya wilaya, ili moja ikiliwa na mchwa nyingine iwepo.

Kuna jambo moja ambalo haliwezi kungoja kibali wala wavu. Wanunuzi wa kamba wa zamani, Nyamisati, Mafia na Kilwa, walikuwa wakipanga kamba kwa ukubwa, kwa sababu bei ilifuata ukubwa, na waliandika. Vitabu hivyo havikuwa hesabu ya wachanga, lakini vinaonyesha wadogo walikuwa sehemu gani ya mzigo, mwezi gani, mwaka gani, kabla ya bwawa. Kama babu yako, baba yako au shemeji yako alikuwa mnunuzi na kitabu kiko juu ya kabati, kipige picha kurasa zote, pamoja na jalada lenye mwaka, hata kama mwandiko umefifia.